Gladys Ruguru na Ikwa za Wanaume

Gladys Ruguru ni binti wa Ndambiri, yule aliyeleta maji ya mfereji hapa Kanja kwa jembe moja, na wa Felicitas, aliyelisha majirani ikwa katika njaa ya themanini na nne, mahindi ya kila mtu yalipokuwa kuni. Ikwa ni vile viazi vikuu vya kwetu vinavyopanda juu ya mti wa mukungugu na kuzaa miaka na miaka.

Gladys alipofiwa na mumewe, ni ikwa za mteremko wa mtoni zilizomsomeshea binti yake, Ciku. Shemeji yake, Mutegi, alikuwa ameng'oa zake apande kahawa, halafu akang'oa kahawa apande parachichi. Udongo wake mwingi sasa uko mtoni. Gladys naye, Mutegi alimwita mfuga msitu kwa kuacha miti yake isimame.

Basi mwaka jana hoteli moja ya Embu mjini ikaanza kutuma pikipiki kila wiki kununua ikwa za Gladys, wageni wanakula kwa chai kama keki. Ndipo Mutegi akakumbuka mila. Ni kweli, zamani ikwa ilipandwa na wanaume tu. Lakini mila hiyo ilikuwa imelala miaka arobaini, ikaamshwa na pikipiki ya hoteli. Akawaita wazee wa ukoo, akadai ikwa zote ni zake.

Nilikuwepo, maana chai ya wazee haijipiki. Gladys hakubishana. Alisema kama ni zake, avune moja tu waone.

Mutegi akavua koti la kanisani, akachimba kwa nguvu, akatoa ikwa nzima na kichwa chake, akaiinua kama kombe. Kila aliyelelewa huku anajua kichwa huachwa ardhini na kamba yake inayopanda mti, kikafunikwa, kizae tena.

Mzee Bundi akamuuliza kwa upole, "Sasa Mutegi, mwaka ujao utavuna nini hapo?"

Wakaamua ikwa ni za anayejua kuzivuna.

"Lakini mila tusiitupe, wazee wangu," Gladys akasema. "Kuchimba mashimo ya ikwa ni kazi ya mwanaume. Hiyo hata mimi najua." Akamwekea Mutegi jembe mkononi. "Shemeji, hicho kichwa kirudishe kabla hakijanyauka. Halafu uchimbe mashimo tisa huko kwako mtoni, yafike kiunoni. Mbegu nitakupa. Mvua ni wiki ijayo."