Mabega ya Mwimbaji

Kila Jumapili mchana, kwenye ukumbi wa hoteli, mpiga besi husimama nyuma ya wenzake watatu, vidole viwili vimefungwa plasta, akipangusa nyuzi kwa soksi kuukuu. Macho yake hayaendi kwa wageni. Yako mabegani mwa mwimbaji. Miaka ishirini imemfunza kwamba mama huyo mwimbaji akipandisha mabega, kuna kosa linakuja. Leo mama kapandisha mabega, kajisahau, karuka ubeti mzima. Kabla mpiga ngoma hajakodoa macho, besi ilisharuka naye, na bendi yote ikafuata kama vifaranga. Makofi yote yakamwendea mwimbaji.

Binti wa mpiga besi, aliyekaa meza ya mbele, akanuna. “Baba, umewaokoa, na hakuna hata aliyekuona!”

Baba mtu akacheka, akikunja soksi yake taratibu. “Wangeniona, mwanangu, ningekuwa nimeharibu.”