Magadi ya Ng'ombe Kwenye Maji ya Samaki

Siku yangu ya kwanza kazini pale hotelini Karatu nilifika na shuka, fimbo na woga. Meneja, mama mmoja wa Machame mwenye maneno machache, alinishika mkono akanipeleka mapokezi, mbele ya tangi la kioo refu kuliko kitanda changu. Ndani walikuwemo samaki tisa wa rangi ya machungwa.

"Baba Naserian, wewe ulikuwa mtu wa mifugo. Hii ndiyo mifugo yako," akasema.

Ala! Mimi niliyezaliwa Endulen, Umasaini, ambako samaki hatumli wala hatutaki hata harufu yake! Kaka yangu alipopata habari alinipigia simu akacheka mpaka akakohoa. "Ero, umeacha ng'ombe unachunga nyoka wa majini?" Nikamwambia nyamaza, kazi ni kazi. Lakini usiku wa kwanza sikulala vizuri. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utoto, na nimeshindwa kuacha.

Kabla ya hapo nilikuwa mhudumu wa josho, lile birika la dawa wanamotumbukizwa ng'ombe kuua kupe. Bosi wangu kule alikuwa Bwana Mifugo, mkali ajabu. Neno lake lilikuwa moja: "Mtazame mnyama kabla hajakutazama." Maana yake, mnyama akishajua yuko na mtu hujikaza, anaficha ugonjwa. Mkague angali mbali, anapumua, anakula, hana habari na wewe.

Nyie vijana mnaofuga samaki sebuleni siku hizi, neno hilo lishikeni. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni kwanza. Samaki mzima anazunguka, mapezi yamekunjuka. Mgonjwa anajitenga pembeni, mapezi ameyabana mwilini. Akipanda juu anatafuna hewa, na matamvua yake, yale mafuniko ya shavuni anayopumulia, yanapiga harakaharaka, basi tatizo mara nyingi liko kwenye maji. Hapo ndipo tofauti na ng'ombe. Ng'ombe akiumwa unamtibu ng'ombe. Samaki akiumwa ghafla, anza na maji. Nusa. Gusa kioo uone kama maji yamepoa sana, maana baridi ya Karatu mnaijua. Angalia pampu ya hewa kama inatoa mapovu. Na maji ya bomba usiyamwage moja kwa moja, yana dawa ya kuua vijidudu. Yaache kwenye ndoo wazi siku nzima, na ukipata dawa ya kuondoa klorini, tia. Haya ya maji niliyajua baadaye. Wakati ule sikujua.

Sasa, samaki wale hawakuwa pambo tu. Mwenye hoteli, tuliyemwita Mzee, alikuwa amepigwa na kiharusi. Ulimi ulikuwa mzito na hesabu zilimpotea. Nesi aliyemfanyisha mazoezi alimwambia kila siku saa nne aje awahesabu samaki kwa sauti. Miezi mitatu alikuwa akikwama kwenye nne, kwenye tano. Wiki moja kabla ya mkasa wangu alifika tisa. Jamani, tulipiga makofi mpaka wageni wakashangaa.

Asubuhi ya mkasa nilisimama mlangoni kama kawaida. Wote tisa walikuwa juu, vinywa wazi. Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni, pampu kimya, na wageni walikuwa wamewatupia mkate ambao sasa umeoza chini. Maji yananuka. Nikawaza tu, saa nne Mzee anakuja.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wa mtu wa ng'ombe. Kwetu mnyama akizubaa unampa magadi, chumvi nyeupe ya ardhini anayoilamba. Nilikuwa na kifuko chake nikipeleka nyumbani. Niliwahi kusikia kwamba samaki mgonjwa huwekewa chumvi kidogo ya jikoni. Nikajiambia, kama ya jikoni inasaidia, hii inayosimamisha dume itashindwaje? Nikatia makonzi mawili.

Mungu wangu. Mara wakaanza kukimbia na kujigonga kwenye kioo. Kisha wakatulia, mwili mzima umefunikwa ute mweupe. Magadi yanafanya maji yawe makali, na uchafu uliomo unageuka sumu zaidi. Umeme ukarudi, pampu ikafanya kazi, lakini mmoja akalala ubavu akafa. Nikamwingiza kwenye ndoo ya deki, nikamfunika kwa kitambaa.

Saa tatu Meneja aliingia, akaona, akampigia mtaalamu wa samaki Arusha, akaweka sauti ya wazi. Yule bwana akauliza swali moja tu: "Mmetia nini kwenye maji?"

Meneja akanitazama.

"Sijatia kitu," nikasema.

"Una uhakika, baba?"

"Sijatia kitu, mama."

Mtaalamu akasema basi tusubiri, hewa itawasaidia. Tukasubiri. Wa pili akafa, naye nikamficha Meneja alipotoka kidogo. Nilikuwa naogopa kufukuzwa, naogopa kaka yangu atacheka, naogopa kila kitu isipokuwa kile nilichopaswa kukiogopa.

Saa nne Mzee akaja na mkongojo wake. Akanyoosha kidole. "Moja... mbili..." Polepole, akafika saba. Kidole kikabaki hewani. Akatafuta. Akarudi kwenye moja, akahesabu tena, akafika saba tena. Mara ya tatu sauti ilianza kutetemeka. Akagusa kichwa chake, akamwambia Meneja kwa ulimi ule mzito, "Imepotea. Hesabu imepotea tena." Machozi yakamtoka.

Alidhani kosa ni la kichwa chake! Nikashindwa kuvumilia. Nikaiburuta ile ndoo mbele yake, nikafunua. "Shikamoo Mzee, umehesabu sawa. Wawili hawa hapa. Nimewaua mimi, nimetia magadi, na nimedanganya."

Meneja alikuwa ameshapiga simu kabla sijamaliza. Mtaalamu akasema tusimwage maji yote, mabadiliko ya ghafla nayo yanaua. Toa robo, ongeza yaliyokaa siku nyingi kwenye mapipa ya akiba, subiri, rudia. Nilichota na kumimina kwa jagi kutoka juu ili hewa iingie, mpaka jioni, mabega yanawaka. Wawili zaidi wakafa. Watano wakapona, na Mzee akaanza upya kuhesabu mpaka tano.

Sikufukuzwa. Nilitunza tangi lile hadi nilipostaafu, na watu wakawa wananipigia simu kutoka mjini na hata vijijini kama Daa. Mimi naanza na swali lile lile, umetia nini, na wote wananijibu hawajatia kitu. Siwagombezi. Nawaambia nilichofanya mimi, kisha nasubiri.

Siku ya kuagwa, baada ya soda na hotuba, Meneja aliniita pembeni.

"Baba Naserian, siku ile ya magadi, nilipoingia saa tatu niliuona unga mweupe kwenye ukingo wa tangi. Kwetu tunapikia magadi, nayajua."

"Ulijua?"

"Nilijua. Nilitaka useme mwenyewe. Nilitaka kujua nimeajiri mtu gani."

Nikamuuliza, "Na Mzee alipoanza kuhesabu mara ya pili, mama, ulikuwa bado unataka kujua?"

Alishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, na mimi sikuuondoa. Tumezeeka wote sasa, na Mzee alishatangulia. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiamini kwamba mle mapokezini mwongo alikuwa mmoja.