Noti Moja ya Ziada

Siku yangu ya kwanza kazini kama mwalimu wa kwaya, Mchungaji Msimamizi wa Mwingi alinikabidhi ufunguo wa kabati la vitabu na uma wa sauti. Uma huo ni chuma chenye meno mawili. Unaugonga gotini, unauweka sikioni, nawe unapata do. Kinanda hakikuwako. "Mwalimu," akasema, "watu wa hapa wanaimba na nguvu, lakini kila mtu na njia yake. Waunganishe." Nilidhani ni kazi ya mwaka mmoja. Imenila umri wangu wote, na sioni haya kusema nimechoka.

Ninyi vijana mnajifunza wimbo kwa simu. Sisi tuliandika solfa ubaoni, herufi za noti zikitenganishwa na nukta mbili kuonyesha mapigo, na kila sauti ikafundishwa peke yake. Bezi, wale wa sauti nzito, tuliwaacha mwisho kwa sababu walichelewa siku zote wakisingizia ng'ombe. Juu ya karatasi, kona ya kulia, uliandika jina la mtunzi. Kona hiyo ndiyo iliyoniponza.

Katika sauti ya alto alikuwako Syombua, muuza ndengu sokoni. Mwanawe wa pekee aligongwa na lori kwenye barabara ya Garissa, akafa. Dereva alikuja kwake na wazee kuomba msamaha. Wiki chache baadaye Syombua akaja mazoezini na beti tatu alizozitunga kichwani, na mwisho wa kila ubeti palikuwa na maneno aliyomwambia yule dereva: "Nakuacha, enda." Nikaziandikia sauti nne jioni hiyo hiyo. Sijawahi kuandika upesi namna ile.

Lile neno tu ndilo lililonikera. Kwetu Kikamba, kuacha ni *eka*, na kusamehe ni *ekea*. Ni ndugu wa tumbo moja, na Mkamba akihamia Kiswahili ni rahisi kushika moja akidhani ni lingine. Nikaamua mama wa watu amejikwaa. Nikafuta "nakuacha", nikaandika "nakusamehe". Silabi nne zikawa tano, basi nikalipasua pigo moja nusu kwa nusu ili noti ya ziada ipate pa kukaa. Nilijivunia ule mpasuo kama fundi aliyeziba paa.

Katibu wa Muziki wa kanisa alipouona wimbo huo akafurahi. "Sasa ni wimbo. Weka jina lako, wewe ndio umeinyoosha." Nikaweka langu peke yake.

Syombua alitazama ubao kwa muda. "Mwalimu, hapo umeongeza kitu."

"Ni noti tu, mama," nikamjibu.

Jumapili tuliyouimba mara ya kwanza, Mchungaji alimwalika yule dereva akaketi benchi la mbele. Watu walilia. Mimi niliyekuwa nikiongoza nilimwona Syombua akifungua kinywa bila kutoa sauti. Nikadhani ana mafua.

Nilihamishiwa Mbumbuni, kisha Kibwezi, na kote nilikuta wimbo umenitangulia. Wanauimba mazishini, wanauimba watu wakipatanishwa. Na kila kwaya hujikwaa kwenye ile noti. Nimewagombeza watu wazima kwa miaka juu ya nusu pigo, nikiwaambia hawana masikio.

Nilipostaafu, Katibu mpya alitaka kuchapisha nyimbo zetu, akaniuliza kama jina la mtunzi liko sawa. Swali dogo, lakini usingizi ulinihama. Nikapanda basi hadi Mwingi.

Nilimkuta Syombua uani akipepeta ndengu, mgongo umepinda. Nikamwambia nilichojia: nirudishe jina lake, na aniwie radhi.

"Jina andika, ukitaka," akasema. "Lakini hiyo neno ulibadilisha, Mwalimu, ulifikiri sijui Kiswahili?"

Nikavua kofia, nikaiweka chini.

"Nilijua *eka*, nilijua *ekea*. Yule dereva nilimwambia nakuacha. Yaani, toka kwangu, sikufuati, sikulaani. Hapo ndio nguvu yangu ilikuwa imefika. Kusamehe nilikuwa sijaweza. Wewe ukaniwekea mdomoni, mbele ya kanisa, na yeye ameketi pale. Watu wakawa wananishika mkono, ati mama wa msamaha. Ningewaambia nini?"

"Na baadaye uliweza?"

"Ilikuja. Imekaa miaka mingi ndio ikakuja, na hakuna mtu alijua siku hiyo, kwa sababu wote walifikiri ilishapita."

Niliona aibu ambayo sijapata kuiona, nami ni mzee. Kumbe zile kwaya zote zilikuwa na masikio. Asiye nayo nilikuwa mimi. Nikauliza, "Na mimi, mama?"

Aliupuliza ungo, makapi yakaruka.

"Wewe nakuacha, Mwalimu. Enda."

Safari hii sikumsahihisha. Niliokota kofia yangu, nikaenda.