Fundi Bomba Bila Spana

Begi la fundi bomba lilipekuliwa mara tatu kabla ya safari. Mara ya kwanza mkewe alitoa spana mbili. Mara ya pili, mkewe tena, akatoa tepu ya kufungia bomba iliyofichwa ndani ya soksi. Mara ya tatu akaja binti yao wa miaka tisa, ambaye baba yake mwenyewe alimpachika jina la Hakimu, na huyo akachomoa bisibisi iliyokuwa imelala kimya kando ya dawa ya meno.

"Baba, siku tatu tu," alisema, bisibisi mkononi. "Siku tatu usiwe fundi. Uwe baba."

Fundi akaapa, na safari hii alimaanisha. Tusimwonee, hakuwa mtu mbaya. Ni simu yake tu isiyojua Jumapili. Bomba likipasuka upande wa pili wa mji, yeye huyo, mguu mosi mguu pili. Mwaka uliopita, siku ya maonyesho ya shule, simu iliita wakati binti yuko bado nyuma ya pazia. Fundi alichomoka, akarudi watu wakipiga makofi ya mwisho, akamkumbatia mwanawe na kumwambia ameng'ara kweli kweli. Hakimu akamtazama, akauliza, "Nilivaa gauni la rangi gani?" Fundi akasema bluu. Hakuwa na gauni. Alikuwa simba, na mkia pia.

Tangu siku hiyo Hakimu hakumwomba tena aje kumwona popote. Hakununa wala hakulia, aliacha tu kuomba, na jambo hilo lilimuuma fundi kuliko kugombezwa. Hata kwamba binti amejifunza kuogelea aliambiwa na mkewe, kama jirani anayepewa habari za nyumba ya pili. Ndipo alipotafuta likizo, akasema, "Tunakwenda baharini. Ataogelea mbele yangu."

Mji wenyewe ulikuwa wa zamani, kuta nene, vichochoro vya kupishana kwa ubavu, na ngome juu ya maji yenye mizinga iliyoelekezwa kwa maadui waliokwisha kufa zamani. Mdogo wake Hakimu, wa miaka mitano, aitwaye Kamanda, aliupanda kila mzinga na kuufyatua kwa mdomo mpaka mate yakakauka. Mama yao alipiga picha za madirisha. Fundi naye alitazama mabomba.

"Ona lile! Wamelipitisha juu ya dirisha! Nani kafanya hivi?"

Mkewe akakohoa kidogo. Fundi akageukia ukuta, akaanza kuusifia kwa nguvu kama mtu aliyelipwa. Lakini ndani ya ngome, mwongozaji aliposema "kuna swali?", alishindwa kujizuia. Akauliza askari wote wale maji ya kunywa walikuwa wakiyatoa wapi. Mwongozaji alikaribia kumbusu. Miaka yote ya kazi hajaulizwa swali hilo! Akawashusha chini kwenye tangi kubwa la mawe, lenye giza na mwangwi, na watoto wakaliitia majina yao mpaka wakafukuzwa. Hata Hakimu alicheka siku hiyo.

Walipanga kwenye nyumba ya wageni ya ghorofa tatu, iliyokuwa nyuma tu ya ngome. Chini ya ngazi, karibu na mlango, palikuwa na koki kuu ya nyumba nzima, mpya, yenye gurudumu jekundu. Fundi aliisifia mbele ya mama mwenye nyumba kwa nusu saa. Kuisifia siyo kuitengeneza, kwa hiyo hakuna aliyemkamata.

Sasa, fundi huyu ana desturi moja. Kwake hatoki bila kufunga koki kuu. Aliianza baada ya bomba lake mwenyewe kupasuka wakiwa harusini, wakarudi na kukuta sufuria zinaelea jikoni, na majirani wakacheka mwezi mzima. Basi asubuhi ya pili, wakitoka kwenda kuogelea, Kamanda analia ndala imekatika, mama anauliza nani kachukua taulo, mkono wa fundi ulishuka wenyewe, ukalizungusha lile gurudumu jekundu mpaka mwisho. Kichwa hakikuwa na habari. Akatoka nje anapiga mluzi.

Palikuwa na ngazi za mawe chini ya ukuta wa ngome, maji yametulia, na boya la manjano kama hatua arobaini mbele. Karibu na boya alisimama mlinzi wa waogeleaji, mwanamke mwenye filimbi, maji yakimfika kifuani. Fundi mwenyewe kuogelea hajui. Maji anayoyaweza ni yale yaliyomo ndani ya bomba.

"Nakwenda mpaka kwenye boya na kurudi," alisema Hakimu. "Simu iko wapi?"

"Anayo mama yako."

Hakimu akaingia majini. Alikuwa ndiyo kwanza ajisukume kutoka kwenye ngazi, mara sauti ikaja kutoka nyuma.

"Fundi! Wewe baba wa chumba cha juu!"

Alikuwa mama mwenye nyumba, mwiko mkononi, pumzi juu juu.

"Maji yamekatika nyumba nzima! Kuna mwalimu yuko bafuni, kichwa kizima povu, macho hayafunguki, anamwita kila mtu! Na majirani maji wanayo. Njoo uniokoe, baba. Dakika tano tu!"

Dakika tano. Fundi alizijua hizo. Ndizo zilizomnyima kumwona yule simba.

Halafu kiganja chake kikakumbuka. Kikakumbuka gurudumu, ubaridi wake, na jinsi lilivyogota mwisho. Fundi alitamani mawe yale yammeze.

"Mama," alisema bila kugeuza shingo, macho kwenye kichwa kidogo kilichokuwa kikienda juu ya maji, "ile koki nyekundu imefungwa."

"Nani aifunge? Mimi naiogopa!"

"Nimeifunga mimi. Mazoea tu. Nisamehe sana, na mwalimu umwombee radhi. Lakini kichwa sigeuzi."

Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta. "Miaka kumi na miwili naishi na fundi bomba, nishindwe kufungua koki? Twende, mama."

"Zungusha kushoto, taratibu, usije uka..."

"Baba watoto! Tazama mtoto!"

Alikuwa anatazama. Hakuwahi kutazama kitu namna ile, hata kupepesa aliogopa. Kamanda alipiga mizinga ya heshima kutoka kwenye ngazi. Hakimu alilifikia boya, akaligusa, akarudi, mkono mmoja baada ya mwingine, mpaka akashika jiwe la chini. Akapanda akitetemeka, nywele zinachuruzika, akasimama mbele ya baba yake.

"Nilisimama mara ngapi?"

"Mara mbili," alisema fundi. "Ya kwanza kabla ya boya, ulimeza maji ukakohoa. Ya pili wakati wa kurudi. Hapo hukuwa umechoka. Ulikuwa unatafuta kama bado nipo."

Hakimu alimrukia vile vile alivyolowa, na shati la fundi likaisha hapo hapo. Kutoka dirisha la juu la nyumba ya wageni mtu alipiga kelele, "Yametokaaa!" na watu wengine wakashangilia.

"Baba," ilisema sauti kutoka kifuani kwake, "mwezi ujao tuna mashindano shuleni. Utakuja kuniona?"

Fundi akamfunika taulo mabegani.

"Nitakuja," alisema. "Na ukivaa mkia, nitauona."