Mwenye Chungu Ndiye Huanza

Mtu hudanganya ili apate kitu. Mimi katika jambo hili nilipoteza tu, kwa hiyo sina faida ya kukudanganya. Usiponiamini nenda Bugwema, uulizie nyumba ya bati iliyobaki peke yake kwenye mahame. Watakuonyesha kwa kidole, tena kutoka mbali. Hutapata wa kukusindikiza.

Ilikuwa mwaka ule watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Mimi na mume wangu Okelo tulikuwa tumevuka mpaka kutoka Kenya, hata mwaka hatujamaliza. Yeye alikuwa fundi wa injini za mitumbwi pale Mwigobero, Musoma. Tulipanga chumba kimoja, na dirisha lake lilitazama mchanga wa kuanikia dagaa. Kwetu mke humwita mumewe mwenye nyumba. Basi mimi nilimtania, "Mwenye nyumba asiye na nyumba!" Mwanzoni alikuwa akicheka. Mimba yangu ilipofika miezi minne nikamwambia sitazalia kwenye harufu ya dagaa, atafute nyumba. Ndiyo, ni mimi niliyemsukuma. Nalijua hilo kila siku ninapoamka.

Okelo alikuwa na rafiki kazini, Magesa, mwenyeji wa Bugwema. Magesa akatualika Jumamosi na Jumapili. Ulezi ulikuwa umevunwa, na msimu huo kila mji, yaani kila kaya, ulikuwa na chungu cha pombe. Akasema tutapumzika, tutakunywa, na huenda mwenyekiti wa kijiji akatupatia kiwanja. Tukapanda lori la pamba mpaka Murangi, tukamalizia kwa miguu. Nilifurahi sana siku ile. Nilichuma maua ya njiani kama msichana, na mume wangu akanicheka.

Kwa Magesa tulikaa kuzunguka chungu kikubwa. Magesa akachukua mrija, akavuta mafundo mawili ya nguvu, ndipo akampa Okelo. Sisi tulikuwa watoto wa misheni, hatukukulia kwenye pombe wala adabu zake hatukuzijua. Tulilelewa kwamba mgeni hutangulizwa kwa kila kitu, hata maji ya kunawa. Tulipobaki wawili Okelo akaninong'oneza, "Nyar Gem, umeona? Anakunywa yeye kwanza, mgeni anatazama!" Nyar Gem ni binti wa Gem, ndivyo alivyoniita siku zote. Tukacheka tukiziba midomo. Wajinga wawili.

Jumapili baada ya ibada Magesa aliitwa kwenye mkutano wa balozi wa nyumba kumi. Okelo akamwuliza kuhusu mahame ng'ambo ya korongo, miji ya zamani waliyohama watu. Kote huko palikuwa na kuta tupu, kwa sababu kila aliyehama aling'oa bati zake, milango na hata nguzo. Lakini nyumba moja ilikuwa nzima. Bati zake ziling'aa hadi tulipokuwa tumekaa.

"Ile hatuendagi," Magesa alisema, akavaa kofia yake akaenda mkutanoni.

Mtu mwenye akili angejiuliza, bati nzima zimeachwaje mahali ambapo watu wanagombania hata msumari? Sisi tulijiuliza kitu kimoja tu: ina vyumba vingapi.

Ilikuwa saa tisa mchana, jua kali. Naomba ulishike hilo, maana watu hudhani mambo haya yana saa zake. Tulipita mwanya kwenye ua wa minyaa, tukamkuta bibi mmoja ameketi mlangoni kwenye kigoda. Safi, amejifunga khanga mbili. Pembeni yake palikuwa na mkeka uliokunjwa na sufuria, vimefungwa pamoja kwa kamba kama vya msafiri.

"Karibuni, wanangu. Nawangojaga sana," alisema. "Mnatafuta nyumba?"

Hatukuwa tumesema lolote. Okelo akajibu, "Ndiyo mama, tunatafuta."

"Hii ina vyumba vitatu. Na kisima kiko karibu."

"Na wewe utakaa wapi?"

"Mimi nangoja kuchukuliwa tu. Walisema lori linarudi."

Akatuingiza ndani. Niamini, nyumba ilikuwa nzuri. Nilishatia kitanda cha mtoto kwenye chumba cha nyuma kwa mawazo yangu. Katikati ya sebule palikuwa na chungu cha pombe kinatoa povu. Ndipo nikaona mafiga uani, kupitia mlango wa nyuma. Nyasi zilikuwa zimeota katikati yake, za kufika gotini. Pombe hiyo ilipikwa wapi? Niliona, nikanyamaza, kwa sababu niliitaka ile nyumba. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Bibi akauinua mrija kwa mikono miwili, akampa Okelo. Hakuugusisha mdomoni mwake.

"Anza wewe, mgeni," alisema.

Okelo akanigeukia uso umemjaa furaha. "Huyu ndiye anayejua kukaribisha!" Akavuta fundo refu.

Bibi akaanza kulia. Machozi yalimtoka huku anatabasamu. "Asante, baba. Mungu akulipe. Sasa mimi ndiye mgeni, na mgeni huondoka." Akajitwika mzigo wake, akatoka. Nilimfuata nimuage, si zaidi ya hatua tano nyuma yake. Nje ya ua palikuwa na mashamba yaliyovunwa, peupe mpaka korongoni. Hapakuwa na mtu.

Tulirudi mbio. Magesa alikuwa ametoka mkutanoni, akatusikiliza wima, kofia mkononi. Hakuuliza bibi alifananaje. Aliuliza neno moja tu.

"Nani alianza kunywa?"

Okelo akasema ni yeye. Magesa akakaa chini kwenye vumbi na nguo zake za kanisani.

Alitueleza baadaye. Siku ya kuhama, lori lilijaa bati na watu, bibi huyo akaambiwa asubiri safari ya pili. Alikuwa na chungu kimeiva, akasema atawapokea nacho watakaokuja kumchukua. Lori likaharibika. Kila mmoja alidhani mwingine amekwenda kumfuata. Walipomkumbuka, siku ya nne, alikuwa ameketi palepale mlangoni, amekufa, mzigo umefungwa. Hakuna aliyethubutu kung'oa bati zake.

"Huku mwenye chungu ndiye anaanzaga," Magesa alisema. "Anaonja uone ni salama, na tena ndiyo anasema, hapa ni kwangu. Ukianza wewe, Okelo, chungu ni chako. Nyumba ni yako. Na kungoja ni kwako."

Magesa alimtafuta mzee wa mji akachinja mbuzi, mimi nikamtafuta mchungaji akaomba. Tulijaribu vyote. Jumatatu Okelo alikuwa kazini, lakini lori likipita barabarani aliacha spana na kuinua kichwa. "Limekuja?" aliuliza. Nyumbani alikaa mlangoni, nguo zake amezifunga kwa kamba. Nilizifungua, akazifunga tena. Alinikazia macho kama mtu anayejaribu kukumbuka aliniona wapi. Jumamosi ya kwanza tulimkamata stendi. Ya pili tulimkuta Murangi. Ya tatu hatukumwahi.

Nilimfuata na Magesa. Alinifikisha kwenye ua wa minyaa akasimama. "Samahani shemeji, hapa sipiti." Sikumlaumu. Niliingia peke yangu.

Okelo alikuwa kwenye kigoda cha bibi. Alikuwa amenyoa ndevu, shati limenyooka. Aliponiona akasimama kwa heshima.

"Karibu, mgeni. Unatafuta nyumba?"

"Okelo, ni mimi. Nyar Gem."

"Ina vyumba vitatu," alisema, "na kisima kiko karibu." Akaingia, akatoka na chungu, povu linamwagika pembeni. Akauinua mrija kwa mikono miwili. Kwa muda mfupi macho yake yakawa yake, mume wangu kabisa. Alinijua. Alijua pia anachoniomba.

"Anza wewe," alisema.

Ningevuta fundo moja tu, angetoka pale. Unaelewa? Angepita ule ua na mzigo wake, akapumzike. Nilimpenda, usifikiri sikumpenda. Mkono wangu ulikuwa umeshaufikia mrija. Mtoto akacheza tumboni, mara ya kwanza tangu nichukue mimba, nikarudisha mkono. Nikarudi kinyumenyume mpaka kwenye minyaa, na yeye hakuacha kuninyooshea ule mrija.

Kesho yake wanaume wa kijiji walikwenda kwa ujasiri wa wingi. Walikuta kigoda. Mume wangu hakuonekana tena, hai wala maiti, sina kaburi la kupalilia. Lakini wachungaji wa ng'ombe bado wanasema mchana wa jua kali kuna mwanamume mlangoni, shati limenyooka.

Nilizalia kwenye harufu ya dagaa. Baadaye mpaka ulifungwa, nami sikurudi kwetu. Binti yangu ni mtu mzima sasa, anataka kunijengea nyumba, na kila mara namkatalia, wala hajui kwa nini. Chai nikimkaribisha mtu, naanza mimi, hata awe mchungaji. Wananiita mchoyo. Waniite.

Nawe ukienda ugenini ukapewa cha kunywa, mwenyeji asipoanza, kiweke chini uondoke, hata kama nyumba ni nzuri kiasi gani. Usione haya.

Mimi bado nikisikia lori linapunguza mwendo nje, nainua kichwa. Namwombea liwe linakwenda Bugwema. Halafu nakumbuka kwamba aliyekuja kumchukua nilikuwa mimi, na nilirudi peke yangu.