Zubeda, Baba na Ramani ya Kisenyi

Sisi tuliokulia Kampala kabla simu hazijaingia mifukoni tuna ugonjwa mmoja: mtu akiuliza swali mbele yetu, hatuwezi kunyamaza. Mito, milima, lugha za watu, nani alitawala wapi, timu gani ilichukua kombe, lazima tujibu, hata kwa kubahatisha. Watoto wetu hawaugui ugonjwa huo. Jumapili iliyopita nilimuuliza mwanangu Rashidi, kijana wa sekondari mwenye ndevu zake, nchi gani tunapakana nayo upande wa kusini magharibi. Akanyoosha mkono kutafuta simu.

"Usiiguse," nikamwambia. "Nijibu kwa kichwa."

"Mama, nisumbue kichwa cha nini? Si nitagugo tu?"

Nilitoka nje nikaanza kuanua nguo ambazo hazijakauka. Bora nguo kuliko yale yaliyokuwa mdomoni mwangu.

Kwetu Kyebando tulikuwa tukikaa vyumba viwili katikati ya familia za askari. Baba alikuwa polisi, Mkristo wa kutoka kaskazini, upande wa Arua. Mama alikuwa Mwislamu wa Kibuli, wa ukoo wa wafanyabiashara waliopanda kutoka pwani zamani. Kiswahili cha baba kilikuwa cha kambini, cha mama cha nyanya yake, na kila mmoja alikicheka cha mwenzake. Jioni, mama akimimina mchuzi wa karanga juu ya matoke, baba angeanza kuuliza hata kabla hajavua mkanda wa kazi.

"Mji kubwa ya Ghana ni gani?"

"Mji mkuu, Baba Zubeda," mama angesema bila kuinua macho.

"Huyo huyo mukuu. Ni gani?"

Siku za wali, aliyejibu kwanza alipewa ukoko. Zubeda, dada yangu mkubwa, alikula ukoko mpaka nikaanza kuamini Mungu ameupanga hivyo. Mimi nilikuwa mzito. Siku moja niliulizwa watu wa Brazil wanasema lugha gani, nikajibu Kibrazili, na muhula mzima nyumba ile iliniita Kibrazili. Nilipolalamika kwa mama, aliniambia kuuliza si ujinga, lakini kujibu bila kuuliza ndio huo.

Shule yetu ya elimu yote ilikuwa redio ya baba na ramani ya Afrika aliyoinunua Kisenyi kwa muuza vitabu vikuukuu. Ilikuwa kubwa kama shuka, pembe zake zimeliwa na panya. Baba aliitundika juu ya kitanda chetu, tukawa tunalala chini ya bara zima. Aliipenda kwa namna ambayo sikumwona akipenda kitu kingine. Aliporudi na uchovu, alisimama mbele yake akipitisha kidole juu ya mito, akisoma majina taratibu, maana shule aliyosoma ilikuwa fupi.

Zubeda alipofika darasa la saba, alichaguliwa kwenye timu ya chemsha bongo ya shule. Fainali ilifanyika katika ukumbi wa shule moja kule Kibuli. Baba aliomba ruhusa kazini, akaja na sare yake iliyopigwa pasi, akaketi mstari wa mbele na mama. Mimi nilikaa katikati yao. Maswali yaliulizwa kwa Kiingereza, na mama alimnong'oneza baba yale yaliyompita. Kila Zubeda alipojibu, baba alilipiga goti lake kidogo kwa kiganja.

Timu zikafungana. Likabaki swali moja la kuamua. Mwalimu aliyekuwa akiuliza akasoma: Uagadugu ni mji mkuu wa nchi gani?

Baba alitabasamu kabla swali halijaisha. Mji ule aliuuliza nyumbani mara nyingi, kwa sababu jina lake lilimfurahisha mdomoni. Zubeda akagonga meza kabla ya wote.

"Apa Volta."

"Hapana," mwalimu akasema, akawageukia wale wengine. Kivulana chao kikajibu, "Burkina Faso," na ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Zubeda hakukaa. "Ni Apa Volta," akasema. "Baba yangu ana ramani."

Watu wakacheka. Walimu pia walicheka. Dada yangu akasimama pale akimwangalia baba. Nilihisi benchi linapanda. Baba alikuwa amesimama. Alikuwa mtu wa kuamrisha barabarani, lakini kuzungumza mbele ya wasomi kulimtisha kuliko bunduki.

"Mwalimu," akasema kwa Kiswahili chake. "Musimucheke mutoto. Ramani ni yangu. Mimi ndio nilimufundisha vile."

Kicheko kikakatika. Mwalimu akaeleza kwa upole kwamba Apa Volta ilikwisha kubadilisha jina, sasa ndiyo Burkina Faso. Baba akaitikia kwa kichwa, akakaa. Kikombe kikaenda kwa wale wengine.

Zubeda hakumsemesha baba kwa majuma. Jioni alikula, akimaliza anaenda zake, na baba akaacha kuuliza. Chakula kikawa kimya, mpaka mama akaanza kuimba peke yake ili pasiwe kimya hivyo. Niliwahi kumsikia akimwambia baba, "Huyo mtoto hakukasirikia kikombe. Amekukasirikia wewe, maana alikuamini."

Baba alienda kwa mwalimu wetu wa jiografia, akarudi tena kwake siku nyingine, na jioni moja akaishusha ramani na kuitandaza sakafuni. Akatoa kalamu ya wino mwekundu.

"Zubeda, kuja. Hii Rodeshia imekufa. Andika mupya."

Dada yangu alitoka mlangoni akapiga magoti. Baba alikuwa akisema majina mapya, naye anakata ya zamani na kuandika. Walipomaliza, baba alikunja mikono.

"Sasa wewe ndio uulize mimi."

Akamuuliza. Baba akakosa, akakosa tena, akasema mji mkuu wa Zimbabwe ni Zimbabwe, na Zubeda akacheka mpaka akalala juu ya Bahari ya Hindi. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyeuliza mezani, na baba alijibu kama mwanafunzi.

Sasa Zubeda ni mwalimu kule Gulu, na hasira zake ni kama zangu. "Wananiletea insha iliyonakiliwa mtandaoni, tangazo la sabuni limo ndani yake," aliniambia kwa simu. "Hata kusoma walichonakili hawasomi."

Nilipomaliza kuanua nguo zangu mbichi, nilikumbuka jioni baba alipotuuliza ziwa lenye kina kirefu kuliko yote Afrika, na nyumba nzima ikakosa jibu. Tukatumwa tukaulize. Fundi cherehani alisema Viktoria, kwa sababu ndilo alilowahi kuliona. Mke wa sajenti, jirani yetu, alisema ni Albert, akaapa. Mzee wa Kisomali aliyekuwa na duka la vitambaa alitukalisha, akatusimulia ujana wake wote, na mwishowe akasema hajui. Tulirudi gizani na muhogo wa kuchoma, salamu kwa mama kutoka nyumba tatu, na majibu yanayopigana, tukabishana mpaka usingizi ukatushika.

Nikaingia ndani nikamuuliza Rashidi swali hilo hilo.

"Tanganyika," akasema. Alikuwa amelipata jibu kwenye simu kabla sijamaliza sentensi, na hakuinua kichwa.