Anacheza Mwenyewe

Juzi nilichukua diski za marehemu baba mdogo, pamoja na leseni yake ya programu niliyorithishwa, nikauweka mfumo wa zamani wa kompyuta yake ndani ya kompyuta yangu mpya. Wanaiita mashine pepe: kompyuta isiyo na mwili, inayoishi ndani ya nyingine. Nilitaka tu kucheza gemu lake. Nilipokawia kubonyeza, kijitu kikaanza kukimbia chenyewe, kikiruka mashimo, na mlio wa gemu ukanirudisha utotoni, mtaa wa Majengo.

Ulikuwa mchana, siku chache baada ya kumzika. Jenereta ilinguruma uani, na chumba kilinuka dizeli na tumbaku ya koti lake lililobaki nyuma ya mlango. Mama mdogo aliniwashia kompyuta ili nitulie, akarudi kwa wageni wa msiba. Alipoingia tena, kijitu kilikuwa kinakimbia na mikono yangu iko mapajani.

"Nani anacheza?" nikamuuliza.

"Usishike," alisema bila kutazama. "Anacheza mwenyewe."

Kwetu hatukujali sana kutofautisha inacheza na anacheza. Yeye alimaanisha mashine. Mimi nilijua mwenyewe ni nani, na nilijua tumemzika. Nikasimama, nikasema polepole, "Shikamoo, baba mdogo." Kijitu kikatumbukia shimoni, kompyuta ikalia mara moja. Nikauchukua mlio huo kuwa ndiyo marahaba yangu.

Sasa najua ni onyesho tu. Gemu hujichezesha lisipoguswa. Hata hivyo, juzi sikuzima haraka. Nilingoja amalize.